Kishanda ya Rangi ya Njano

Byabato alikuwa mwalimu wa jiografia, na mwalimu wa jiografia akipata likizo na bando la kutosha, Mungu atusaidie. Alijifungia nyumbani kwake Rwamishenye akachora kwenye kompyuta ramani ya himaya za zamani za Buhaya, kila himaya na rangi yake: Ihangiro kijani, Kihanja njano, Karagwe nyekundu, Kiziba bluu. Akaitupia Facebook, akaenda kula ndizi zake. Aliporudi, ramani ilikuwa imeshafika kwa Wahaya wa Dar es Salaam, na hao, waitu, ndugu zangu, wanapakumbuka nyumbani kwa hasira.

Weee! Watu walipeana za uso. Huyu anasema babu yake alikuwa mkubwa wa eneo lile, yule anauliza babu yupi, mbona hatumjui. Watu ambao hawajashika jembe miaka na miaka waligombania vilima kama wanataka kuvilima kesho.

Kosa lilikuwa Kishanda. Kishanda iko Muleba, na bibi yeyote wa huko atakwambia ni Ihangiro, basi, kwa hiyo ni kijani. Lakini Byabato alipoitazama kwenye picha za kutoka juu aliona kijito kinapita vizuri, akakifanya mpaka. Kishanda ikaangukia kwenye njano.

Mtu mmoja aliyejiita Mlinzi wa Ihangiro, aliyeweka picha ya ng'ombe mahali pa sura yake, ndiye aliyemvalia njuga. "Mwalimu," aliandika, "mto si mpaka. Mtoni tunachota maji wote. Mpaka ni pale wazee walipopanda omulamula." Omulamula ni ule mmea mrefu wenye majani kama panga ambao Mhaya huupanda mwisho wa kibanja chake, na ukiung'oa umejitafutia kesi na ukoo mzima. Byabato alilijua hilo tangu utotoni, na moyoni alijua mzee kapatia. Ila kiburi! Akajibu: "Mzee, ramani haisomwi kwa hasira. Kalale." Watu wakacheka kwa mamia, na yeye akacheka nao. Ulimi hauna mfupa. Vidole navyo ni vile vile.

Sasa, Jumamosi iliyofuata alikuwa na safari ya posa. Alimpenda Elieth, fundi cherehani wa Miembeni, kwa mapenzi ya kukosa usingizi, na baba yake Elieth, Mzee Kahangwa, alikuwa mtu wa huko huko Kishanda.

"Baba akikupa akamwani utafune, umenipata," Elieth alimwambia. Akamwani ni buni zilizochemshwa na kukaushwa, ndizo anazokaribishwa nazo mgeni. "Asipokupa, inuka uage, usisubiri hata maji ya kunywa. Sitaolewa baba akiwa amenuna. Tangu tumzike mama amekuwa mtu wa kukaa kimya tu. Siku hizi afadhali kidogo, ana simu yake."

Byabato akajipa moyo. Mzee wa shambani, ramani ya Facebook ataijulia wapi?

Walikwenda yeye na baba yake mdogo, Bartholomayo, ndiye mshenga, na dumu la lubisi, pombe ya ndizi. Walipokuwa wanapita katikati ya migomba, Byabato alimwona ng'ombe amefungwa kando ya njia, pembe moja imeinama hadi jichoni. Akajiuliza, huyu nimemwona wapi? Hakupata jibu, akaendelea.

Ndani waliketi sakafuni, juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa kwa ajili ya wageni. Mzee Kahangwa alikuwa kitini, mwembamba, kikapu kidogo cha akamwani magotini. Hakukifungua.

"Huyu ndiye mwalimu?"

"Ndiye, waitu," akajibu mshenga.

"Anafundisha nini?"

"Jiografia."

"Ahaa." Mzee akavaa miwani, akatoa simu mfukoni, akaitazama, kisha akamtazama Byabato. "Mwalimu, uliniambia nikalale."

Loo! Hapo ndipo yule ng'ombe alipomrudia Byabato, pembe na yote. Bartholomayo akamgeukia kwa jicho la kuuliza, mwanangu, umefanya nini? Chumba cha pili, mlio wa vikombe ukakoma, na Byabato akajua Elieth anasikiliza.

Akapiga magoti. "Tata, baba yangu, nisamehe. Nilikosea ramani, nikakosea adabu zaidi. Ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua."

Mzee akairudisha simu mfukoni. Alipojibu, sauti ilikuwa imebadilika.

"Mke wangu Evodia alikuwa mtu wa Kihanja. Tangu nimuoe alikuwa akinitania: Kahangwa, hapa unapokaa ni kwetu, sisi tumekuazima tu. Nami nambishia. Kila jioni, chakula kikiwa motoni, tunabishana mpaka watoto wanacheka. Nilipomzika pale kibanjani nilisema, yamekwisha, sasa nani atanibishia? Nikanyamaza." Akafuta miwani kwa ncha ya kanzu. "Halafu wajukuu wakanionyesha ramani yako. Kishanda njano! Nikasema, Evodia, hata huko uliko bado unanibishia? Nikacheka, mwalimu. Nikalia pia. Kesho yake nikatoka kwenda kwa wenzangu kuwauliza habari za mipaka, nikakaa nao, nikanywa nao. Uliponiambia nikalale, nililala kweli. Nilikuwa sijalala hivyo tangu msiba."

Akafungua kikapu. Akatafuna punje moja kwanza, kama mwenyeji anavyopaswa, kisha akaweka nyingine kwenye kiganja cha Byabato. "Asante, mwanangu. Tafuna."

Byabato akatafuna. Ilikuwa chungu na tamu, naye akashukuru kwa mikono miwili. Chumba cha pili Elieth akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, shangazi zake wakamkemea huku wakicheka.

"Ramani ataisahihisha leo leo," Bartholomayo akaahidi haraka haraka, asije mzee akabadili mawazo.

"Aisahihishe. Mimi ni mtu wa Ihangiro, sitaki mchezo." Mzee akamwinamia Byabato. "Ila pale alipolala yule mama, paache njano."

Jioni ile ramani mpya ikatoka, Kishanda yote kijani, na katikati yake kitone kimoja cha njano. Ubishi ukaanza upya. Mwalimu, hicho nini tena? Kisiwa? Umelewa? Byabato akayapita maswali hayo. Akashuka chini ya maoni yote mpaka akamkuta yule ng'ombe wa pembe iliyoinama, na maneno yake machache: "Hapo umepatia. Sasa nakwenda kulala."