Gari Lililokaguliwa kwa Adabu

Gari lilifika juu ya mgongo wa lori, na mimi hilo peke yake lilinitosha. Gari zima hujileta. Nilimwambia mwanangu hivyo pale pale getini, akanijibu kwamba magari ya kale hayachoshwi na safari ndefu, yanabebwa kwa heshima kama wazee. Dereva wa lori akacheka. Nikamwambia aache kucheka, aangalie nyuma, asije akaniangushia ukuta.

Lilishushwa kwa kusukumwa. Kwa sura sikatai, lilikuwa zuri. Rangi ya maziwa, taa za mbele za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa, na bampa za kung'aa ambazo ungeweza kujipaka wanja ukijitazama humo. Majirani walitoka nje. Mwanangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Bosi kwa sababu hajawahi kutumwa dukani bila kwanza kuuliza kwa nini, alilizunguka akilipangusa vumbi kwa kitambaa cha miwani.

Alikuwa ameuza pikipiki yake na kuacha kazi katika duka la simu ili aanze biashara ya kukodisha gari la maharusi. Mteja wa kwanza alipatikana hata kabla gari halijafika: binti wa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, katika hospitali ninayofanyia kazi. Gari lilifika Jumatatu, na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo.

Mimi ni mtunza stoo. Nina stashahada ya ugavi, na kazi yangu ya kila siku ni kutoyaamini makatoni. Katoni ikiandikwa glavu, naifungua. Muuzaji akiapa kwamba ni glavu, naifungua mbele yake. Watu wa mauzo hawanipendi, na mimi nalala vizuri. Kwa hiyo Bosi aliponionyesha kwenye simu picha za gari lililoko mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, sikuuliza rangi wala bei. Niliuliza nani amelifungua. Kizuri chajiuza, nikamwambia, kibaya chajitembeza, na hili lako linatembezwa mtandaoni tangu mwaka jana.

Akaniambia ameshalifikiria hilo. Atakwenda Mjomba.

Mjomba wake ni mdogo wangu, tumbo moja. Anaishi mji huo huo wa mbali na ana duka la vitambaa. Kitambaa akikigusa gizani atakuambia kitachuja ukikifua mara ngapi. Magari anayajua kama abiria anavyoyajua. Lakini ana macho, nikasema, na ni damu yetu, hawezi kutuuza. Akaenda Jumapili moja. Jioni akapiga simu, sauti ya mtu aliyeshiba, akasema gari halina neno. Tukatuma pesa.

Kesho yake, Jumanne, nikasema nilifagie ndani kabla gauni la mtoto wa watu halijaingia humo. Nikakaa kiti cha nyuma, nikainua zulia, nikasukuma takataka kwa mti wa ufagio. Mti ukaenda. Ukaendelea kwenda. Nilipouchomoa, niliona kokoto za uani kwangu, na kuku wa jirani akipita chini yangu.

Nikamwita Bosi. Tukaanza kubandua, na kila tulipobandua palikuwa na kitu ambacho si chuma. Palikuwa na magazeti yaliyokunjwa, yakapakwa puti ya kuzibia matundu, yakapigwa rangi juu. Chini ya mlango mmoja palikuwa na kipande cha kopo la rangi, nembo yake ingali inasomeka. Lile gari lilikuwa kutu iliyovalishwa nguo. Bosi alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza kwa nini.

Tulimpigia Mjomba, nikaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Akaanza na salamu. Akauliza hali ya nyumba, hali ya kazi, hali ya miguu yangu. Nikamkatiza nikamuuliza aliangalia nini siku ile.

Basi akasimulia. Muuzaji ni mwalimu mkuu mstaafu, amefundisha nusu ya mji, pamoja na mkewe Mjomba. Alimkaribisha sebuleni, wakampikia, wakamwongeza. Ndipo mzee akachukua fimbo yake, wakaenda bandani, akalifunua gari polepole, huku mke wa mzee amesimama mlangoni anatabasamu. Nikamuuliza kama aliinama kutazama chini. Nikamuuliza kama alifungua boneti.

"Dada, mzee alishaniambia kwa kinywa chake kwamba ni zima. Nikifungua, si ndiyo namwambia wewe mwongo? Na chakula chake kiko tumboni mwangu?"

Hapo nikaelewa tulichofanya. Mtu akikufunulia mtoto wake mchanga, huulizi mbona kichwa kimekaa hivi. Unasema Mungu amkuze. Ndugu yangu alilikagua gari namna hiyo. Alikuwa amevaa, aliniambia, suti yake ya kijivu ya sherehe. Nilitaka kumgombeza lakini sikupata pa kushika: hakudanganya, hakuhongwa, hakula senti yetu. Alifanya yote mama yetu aliyotufundisha. Nilikata simu nikiwa na hasira ya mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe.

Nikampigia mwalimu mkuu. Sauti yake ilikuwa ya upole, ungedhani anakufunika shuka. Akaniita mwanangu. Akaniuliza kama binti yenu amefika salama, na ilinichukua muda kutambua kwamba anasema juu ya gari. Nikamwambia binti hana sakafu.

Akasema kwamba ndugu yangu alifika, akala, akaona, na alipoulizwa kama ana swali akasema hana. Yeye angefanya nini, amlazimishe mgeni kuuliza? Hakuficha kitu. Hata mke wake alikwisha kumzoesha tangu zamani kuweka miguu pembeni akipanda, na mvua ikinyesha walikuwa hawatoki. Nikamuuliza kuhusu kurudisha pesa. Akasikitika kwa dhati, nilimsikia. Pesa ilikwisha kuwa mabati, mabati yako juu ya nyumba ya mwanawe. Kisha akatuombea dua, mimi, ndugu yangu, na uzao wangu wote, dua ndefu, na mimi kwa upumbavu wa malezi yangu nikajikuta naitikia.

Fundi aliyekuja kulitazama alisema kuling'oa sakafu na kuiunda upya ni kazi ya miezi, tena ukipata chuma cha kufaa. Lakini kama ni harusi tu, akasema, kuna njia. Plaiwudi nene, misumari ya kutosha, zulia jekundu juu. Akamuuliza Bosi bibi harusi ana umbo gani. Bosi akamwonyesha kwa mikono.

Nilimsubiri fundi aondoke, nikamwambia Bosi hilo halitakuwa. Tulibishana jikoni, mimi nikiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Akasema ni safari moja, nyumbani hadi ukumbini, na ataendesha polepole kuliko mtu anayetembea. Nikasema binti wa mwenzangu si gunia la kujaribia mzani. Akasema mimi kila kitu kwangu ni katoni, kazi yangu ni kukataa tu.

"Mama, nikishindwa harusi ya kwanza, ya pili ataniletea nani? Kazi nimeacha. Pikipiki sina. Hiki ndicho kilichobaki."

Mgongo wake ulikuwa umepinda, na nilimwonea huruma hadi nikakasirika zaidi. Nikamwambia sawa, fundi afanye kazi yake. Likiwa tayari, bibi harusi wa kwanza nitakuwa mimi.

Alhamisi alasiri plaiwudi ilikuwa imepigiliwa na zulia limetandikwa, na kwa kweli usingejua. Nilirudi kutoka kazini, nikakaa kiti cha nyuma na nguo zangu za stoo. Bosi akasema kwa sauti ya chini kwamba mimi na yule binti hatufanani uzito. Nikamwambia gauni lake nalo lina uzito wake, na dada zake wawili watakaa wapi, kwenye boneti? Akawasha. Liliwaka baada ya kubembelezwa.

Tulipita majirani, wakapiga vigelegele vya mzaha. Mwisho wa mtaa wetu barabara inakatwa na mtaro mdogo wa maji, mtu yeyote anapunguza mwendo hapo, na Bosi alipunguza. Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yalipoingia, nikasikia mlio kama wa mtu anayevunja muwa, kiti kikashuka, na mguu wangu wa kulia ukawa nje ya gari ilhali mimi niko ndani. Kisigino kilikuwa kinaandika barabarani. Nikapiga kelele asimame. Alikanyaga breki, lakini breki za gari lile zilihitaji muda wa kufikiri. Nilipoutoa mguu na kugeuka, nikakiona kiatu changu kupitia kioo cha nyuma, kimekaa peke yake katikati ya njia kama kinasubiri basi.

Bosi alikifuata. Alinivisha mwenyewe, amepiga goti. Akatazama lile tundu, akautazama mguu wangu uliochunika, akasema, "Angekuwa na viatu virefu." Nikamwambia ndiyo. Kisha akasema labda tumpigie Mjomba, azungumze na muuguzi kwa simu, kwa kuwa anajua kupanga maneno. Nikamwambia watu wenye adabu wamekwisha kutusaidia vya kutosha. Twende.

Nyumba ya muuguzi ilikuwa imejaa wanawake. Wengine walikuwa wanapanga viti, mmoja ana cherehani karibu na dirisha, vitambaa kila mahali. Bosi akasalimia mmoja baada ya mwingine. Muuguzi akamshika mkono, akawatangazia wageni kwamba huyu ndiye kijana mwenye lile gari, mmeziona picha, kijana anayejituma, si kama wenzake. Akina shangazi wakamsifu. Mmoja akamletea kiti. Muuguzi akamuuliza gari lina hali gani.

Nilimwona mwanangu akitabasamu, tabasamu pana lisilo na mwenyewe. Nilijua ndilo alilolivaa mdogo wangu mle bandani. Bosi akanitazama. Mimi nikatazama ukuta. Sikwenda pale kumsemea. Mtu mzima ana mdomo wake.

"Gari bovu, mama," akasema. "Sakafu imeoza. Leo mama yangu amekaa nyuma, mguu ukatoka nje. Simpandishi mwanao."

Cherehani ikanyamaza. Muuguzi hakupaza sauti. Watu wa wodi hawana desturi hiyo. Alimuuliza amejua lini. Bosi akasema juzi. Muuguzi akarudia neno lile, juzi, akalitikisa kichwani kama kipimajoto. Juzi ningepata gari lolote mjini, akasema. Leo nitapata nini? Alikuwa na haki yake yote. Akasema Jumamosi asubuhi anataka gari mlangoni pake, kwa gharama ya Bosi, na habari za uzuri asiambiwe tena.

Bibi harusi alikuwa kwenye mlango wa chumba, nusu ya nywele imesukwa, nusu bado. Akauliza lile gari lilikaguliwa na nani. Bosi akasema Mjomba.

"Basi hili lingine kakague mwenyewe," akasema, akarudi ndani.

Hela iliyobaki haikutosha gari la fahari. Ilitosha teksi ya mzee wa mtaa wa pili, nyeupe, imesafishwa hadi inateleza. Mzee huyu amemjua Bosi tangu anabebwa mgongoni. Ijumaa asubuhi tulimkuta barazani kwake. Nilikuwa nimechelewa kazini, kwa kuwa lile la rangi ya maziwa lilikuwa limeziba njia ya uani na ilinibidi nipite kiubavu, ndoo mkononi, nikilitukana. Mnunuzi hadi leo hatujampata. Kila anayeuliza, Bosi humfunulia zulia, na anayefunuliwa zulia hapigi simu tena.

Mzee alifurahi kusikia ni harusi. Akatoa ufunguo, akampa Bosi kwa mikono miwili, akasema hata punguzo atampa, na kuhusu gari asiwe na wasiwasi wowote, analiendesha yeye mwenyewe, hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kuligusa.

Bosi alimshukuru. Alisimama akikuna shingo. Kisha akalala chali palepale kwenye vumbi, na shati nililompigia pasi asubuhi, akajisukuma chini ya gari hadi zikabaki soksi.

Mzee alishtuka. Watu waliokuwa wanapita walisimama. "Kijana," akasema, na sauti yake ilikuwa imeumia, "umeniona mimi tapeli?"

"Sivyo, mzee," Bosi akajibu kutoka chini, anagonga chuma kwa kidole, anasikiliza, anagonga tena. "Shikamoo tena. Naomba uniwashie injini, halafu ufungue boneti."

Mzee akanigeukia mimi, mama mtu, nimkanye mwanangu. Uso uliniwaka. Nilisikia maneno ya kuomba radhi yanapanda yenyewe kooni, yale tuliyofundishwa.

"Mwashie, mzee," nikasema.