Mablanketi ya Oktavia

Mwishoni mwa Mei, Oktavia alirudi na mumewe Silvesta nyumbani kwao, mtaa wa Ramadhani mjini Njombe, baada ya kumuuguza majuma matatu hospitalini Ikonda. Wiki hiyo jua lilikuwa zuri, na mablanketi mazito yalitaka kufuliwa kabla baridi haijaingia. Lakini kila alipomaliza kumwogesha mgonjwa na kumnywesha uji, alikaa kibarazani, usingizi ukamchukua.

"Nitafua kesho," alisema Jumatatu. Jumatano bado alisema hivyo hivyo.

Alhamisi upepo ulianza. Ijumaa waliamka ukungu umefunika miparachichi na manyunyu yanaanguka. Binti yao, Rejoice, akapiga simu kutoka Makambako.

"Mama, huku baridi imeanza. Mablanketi ulishafua?"

Machozi yalimtoka Oktavia. Silvesta akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Hajafua," alisema. "Mama yako amechoka, mwanangu. Njoo."

Rejoice alifika kesho yake asubuhi, amevaa makoti mawili. Oktavia alimwonyesha unga ulipo na dawa za baba yake. Kisha akajifunika blanketi lile lile lenye harufu ya moshi, akalala mpaka jioni.