Weka Kidole Tena

Shomari hakuwa mtu wa benki. Hela yake ilikaaga kwenye simu, ikizidi inageuka chuma, ikikata anakula kwa mama ntilie kwa mkopo. Dunia yake ilikuwa kibanda cha kuchomelea mageti pale Temeke, na hata hicho kilikuwa mbioni kuondoka, maana mwenye kiwanja alishasema anauza, mwisho wa mwezi kila mtu atoe vyuma vyake.

Halafu akapiga simu mama mmoja wa Mbweni, Kokuberwa, mwenye nyumba zake mpya za kupangisha. Anataka mageti, madirisha, ngazi, nyumba zote. Kazi ya namna hiyo ukiimaliza unapata na eneo lako mwenyewe la kuchomelea. Wakaelewana kila kitu, na mwisho kabisa yule mama akaweka sharti.

"Mimi situmi hela kwenye simu ya mtu. Nimeshalizwa. Fungua akaunti ya biashara, nikuandikie hundi. Ijumaa nisiposikia kitu, namwita fundi wa Boko."

"Mama, mie nachomelea mageti. Hundi ya nini tena?"

"Ndiyo maana mpaka leo unachomelea chini ya bati la kuazima."

Lilimuuma, sababu ni kweli. Akaanza kuhangaika. Namba ya mlipakodi, leseni, cheti cha jina la biashara, barua ya serikali ya mtaa. Shule aliiacha kidato cha pili, kwa hiyo kila dirisha alilofika aliuliza bila aibu: hii imeandikwaje, hapa nasaini wapi, mbona mnanizungusha? Alhamisi jioni vyote vikawa vimekamilika ndani ya bahasha moja ya kaki.

Walikuwa uani wanakula, yeye, mdogo wake Zuena, na Nurdin, mume wa Zuena. Wanapanga nyumba moja, Shomari chumba cha mbele, wenzake viwili vya nyuma.

"Kesho naenda benki," Shomari akasema. "Naitwa mkurugenzi kuanzia kesho. Mkinisalimia mninyenyekee."

Zuena akacheka. Nurdin akaacha kumega ugali.

"Benki gani, shemeji?"

"Hiyo hapo karibu na soko."

"Hiyo ina foleni kinoma. Nenda nyingine. Au lete makaratasi, nikufungulie mie kwa wakala, chap, hata shati hubadilishi."

"Mama kasema benki, naenda benki. Foleni itaniua?"

"Mie nakushauri tu."

"Mwache mwenzio," Zuena akasema. "Kapiga pasi shati mwenyewe. Tangu nizaliwe sijawahi kuona."

Nurdin akanawa mikono wakati sahani bado ina nusu, akaenda kusimama kizani karibu na pikipiki yake, anaandika kitu kwenye simu.

Asubuhi mlinzi wa benki, mzee wa makamo na rungu lake, alimtazama Shomari kuanzia kola mpaka viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umependeza, baba. Unakuja kuposa?"

"Naposa hundi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamfungulia mlango.

Ndani alipokewa na dada anaitwa Bupe, jina lipo kifuani. Mchangamfu, maneno yanamtoka haraka. Akazipokea karatasi moja moja, akazisifia zimekaa vizuri, akaingiza namba ya kitambulisho, kisha akamsogezea kimashine kidogo chenye mwanga mwekundu.

"Weka kidole gumba hapo, kaka."

Akaweka.

"Haijasoma. Weka tena."

Akaweka tena. Akafuta kidole kwenye suruali, akaweka tena.

"Vidole vyangu vimeungua, dada. Ndio kazi."

"Usijali. Tujaribu kushoto, kidole cha shahada."

Hicho kikasoma palepale. Shomari akajiegemeza kwenye kiti, ila hakukaa sawa. Hayo maneno, haijasoma weka tena, alishawahi kuyasikia mahali, kwa mpangilio huohuo, kulia kwanza halafu kushoto. Akawa anatafuta wapi, hapati.

Bupe alikuwa anaandika huku anaongea. Akaacha kuongea. Baadaye kidogo akaacha na kuandika.

"Kaka Shomari, umesema huna akaunti kwetu."

"Sina."

"Hata ya zamani?"

"Dada, mlango wenu wenyewe leo ndio nimejua kama unavutwa au unasukumwa."

Hakucheka. Aligeuka akaangalia mlango wa ofisi ya ndani, kisha akamrudia na sauti imeshuka.

"Kuna akaunti hapa ya biashara, ya kuuza simu. Jina lako, kitambulisho chako. Ilifunguliwa mtaani kwa wakala, kwa hicho kidole chako cha kushoto." Akachukua kikaratasi, akaandika namba ya simu. "Na hii ni namba yako?"

"Siijui hiyo."

"Una uhakika?"

Shomari akafanya anachofanya kila mtu akitaka kujua namba ni ya nani. Akatoa simu, akaenda sehemu ya kutuma pesa, akaiingiza ile namba, akaweka kiasi kidogo cha uongo, akasubiri jina litokee.

Likatokea. Simu ilikuwa inamuuliza kama ana uhakika anataka kumtumia Shomari Abdulrahman Mkwegu.

Akalisoma kwa midomo. La kwake. La baba yake, marehemu. La babu yake. Watu watatu wa kwao wamejipanga kwenye namba ambayo hajawahi kuigusa.

Hapo ndipo akakumbuka. Tandika, chini ya mwavuli, kipindi kile kila mtu anasajili laini upya. Nurdin amekaa kwenye stuli na kimashine chake cha wakala, anatania. "Shemeji, hiki kidole au kisigino? Haijasoma, weka tena. Lete kushoto. Mtandao unasumbua, weka tena." Na yeye anaweka tu, anacheka, maana ni kweli vidole vyake vimeungua, na aliyeshika mashine ni mume wa dada yake. Akanunuliwa hata soda. Haukupita muda, Nurdin akaja na pikipiki, akaja na tivii pana kama mlango. Akiulizwa anasema kamisheni.

"Dada, hizo karatasi nirudishie," akasema, anasimama.

"Subiri kidogo, kaka. Bosi anakuja."

Bosi alikuwa Adelard, meneja, mtu mrefu wa sauti ya kanisani. Alimpa Shomari mkono na hakuuachia haraka.

"Kaa, ndugu yangu. Utaletewa maji."

"Sitaki maji. Nataka kujua nani kafungua akaunti kwa jina langu."

"Na sisi tunataka kujua. Kuna watu wamelalamika, wengi wazee. Wanapigiwa simu, wanaambiwa mtoto wako kapata ajali, mtumie hela Shomari, ndiye yuko naye hospitali. Wanatuma. Jina likitokea wanaona ni la mtu kweli, wanaamini."

"Mie sijampigia mtu."

"Inawezekana kabisa. Wahusika wako njiani, utawaeleza."

Shomari akageuka kuangalia mlango. Yule mzee mlinzi alikuwa ameivuta stuli yake mpaka katikati, amekaa, rungu mapajani. Macho yao yakakutana, mzee akaanza kuangalia sakafu.

Mtu mwingine angetulia, angetafuta mwanasheria. Shomari hakuumbwa kukaa na jambo kifuani. Akaipiga ile namba palepale, mbele ya Bupe na Adelard. Ikaita muda mrefu.

"Haloo?"

Mwanamke. Nyuma yake maji yanamwagika bafuni, na mtoto analia kwa kuamshwa. Ile sauti Shomari anaijua toka haijaweza kutamka maneno.

"Zuena?"

"Kaka? Ah, mbona unapiga kwenye hii? Nurdin kanikataza nisiipokee, ila imeita mpaka mtoto kaamka. Umeshakuwa mkurugenzi?"

"Nurdin yuko wapi?"

"Anaoga. We Nurdin, kaka huyu yuko benki, anakuuliza."

Maji yakanyamaza. Kisha simu ikakatika. Alipopiga tena, haipatikani.

Wahusika walikuwa askari wawili, wamevaa kiraia. Mkubwa wao aliitwa Edgar, ana kijiti cha meno mdomoni na hana haraka na kitu chochote. Adelard akamweleza yote, na mwisho akaongeza, kwa upole uleule: "Ameipiga hapahapa. Amepokea mwanamke."

"Mwanamke gani?"

Shomari akafungua mdomo, akaufunga. Maisha yake yote alikuwa anasema kitu kwanza ndipo anakifikiria.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Hajui lolote. Mwenyewe ni mume wake, Nurdin."

"Simu alikuwa nayo nani?"

"Nimeshakwambia hajui lolote."

"Nimeuliza simu."

Edgar akatabasamu kidogo, akakihamisha kijiti upande wa pili.

"Twende tukamsalimie mdogo wako."

Walimweka kiti cha nyuma, simu yake anayo Edgar mbele. Njiani ikaingia meseji, Edgar akaisoma kwa sauti bila kuombwa: Mama Kokuberwa wa Mbweni anauliza, hundi aandike jina gani? Askari wa pili akacheka peke yake. Shomari alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia. Huo ndio uliomshika Nurdin siku ya ndoa, mbele ya shehe, kwa sababu baba yao hayupo na walii alikuwa yeye. Nimekuoza dada yangu, alisema, na aliusikia mkono wa Nurdin ni mkavu, hautetemeki.

Pale uani pikipiki haikuwepo. Mlango wa bafu wazi, sabuni imebaki chini inayeyuka kwenye maji. Zuena akatoka chumbani, mtoto ubavuni, na alipowaona wale wawili akauweka sawa ushungi wake kama anayepokea wageni.

"Karibuni. Kaka, Nurdin kapata safari ya ghafla, hata chai hajanywa. Kasema nikupe hii." Akanyoosha mkono. Simu ndogo nyeusi, imewashwa tena. "Kasema ni ya kwako, ulimpa akutunzie. Si ya kwako?"

Edgar hakuwa anaiangalia simu. Alikuwa anauangalia mkono ulioishika, taratibu, akapanda mpaka usoni kwa Zuena, kwa mtoto, akarudi mkononi. Kijiti kimetulia mdomoni.

"Si ya kwako, kaka?" Zuena akarudia, na safari hii sauti ilikuwa imeshaanza kuelewa.

Shomari akapiga hatua, akaichukua mkononi mwake.

"Ya kwangu," akasema. "Nilimpa anitunzie. Huyu hajawahi kuitumia."

Ikaita kabla hajaishusha. Namba ngeni.

"Pokea," Edgar akasema. "Weka sauti kubwa."

Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya bibi, ya mbali, inahema kama aliyepanda mlima kufuata mtandao.

"Haloo? Wewe ndiye Shomari? Shomari Abdulrahman? Nimekutafuta sana, baba. Nimeuza mbuzi, nikatuma tena kama ulivyosema. Mwanangu anaendeleaje?"

Zuena akaziba mdomo kwa kiganja. Edgar akatoa daftari.

"Jibu. Anakuuliza wewe ndiye Shomari."

"Ndiyo, bibi," Shomari akasema. "Ni mie."