Aliyeulizwa Si Mimi

...na mdomo nimeshaufungua nimjibie, kama kawaida yangu, mshauri akanyanyua kiganja, "Samahani dada, nimemuuliza yeye," haya, nikaufunga, mdogo wangu kakaa pembeni yangu anaangalia viatu vyake na swali liko palepale mezani, angependa akae kituoni au atibiwe akitokea nyumbani... angependa! mlevi anaulizwa angependa nini, na mimi nimekuja na begi lake limeshafungashwa, taulo, mswaki, kandambili, liko hapa chini ya kiti linanikera kisigino, nilijua nitamwacha, geti litafungwa, nitakuja kuchukua mtu mpya, kumbe tiba zenyewe ni nyingi, mshauri kaeleza polepole, kwamba anayekunywa kutwa hakatizwi ghafla, atatetemeka, ataona visivyokuwepo, anaweza hata kuanguka degedege akafa, na mimi nilishanunua kufuli la kumfungia chumbani, Mungu wangu, ningemuua kwa mapenzi, bahati daktari aliniwahi, akamlaza hospitalini kwa dawa na uangalizi, hilo limepita, sasa ndiyo ya kuchagua, kituo kwa miezi kadhaa, au nyumbani na kuja hapa kuzungumza na mshauri, na kikundi cha wenzake walioacha, na vidonge vya kupunguza hamu daktari akiona vinamfaa, na akiteleza anarudi, hafukuzwi, "Ni ugonjwa, dada, na unatibika, ila kinachomfaa huyu huenda kisimfae yule," nami nikatikisa kichwa kama nimeelewa huku nawaza geti... mimi na tiba zangu! fundi cherehani mzima, niliishona mifuko yote ya suruali zake, mbele na nyuma, kwa uzi maradufu, nikasema tuone chupa ataiweka wapi, akaiweka kwenye soksi, mtaa mzima ulicheka, mikono inaning'inia hana pa kuitia, na yeye akacheka kuliko wote, "Dada, hata leso umeninyima?"... kicheko kile kilipotea, nikadhani kimekwenda moja kwa moja, leo asubuhi nimekisikia tena, anakunywa chai na kikombe hakigongi meno, shingo imeanza kupata nyama, nina furaha mpaka naogopa kuitamka, kwa hiyo kwa nini nisimjibie, nani anamjua kuliko mimi niliyembeba mgongoni... lakini hebu, nani aliwahi kumuuliza? mama alimwombea, mjomba alimfokea, mimi nilimshonea mifuko, hakuna aliyemwuliza anataka nini, tulikuwa tunamzungumzia yeye akiwa amekaa hapohapo, kama kabati tunalotafutia pa kuliweka, na huyu mshauri, mtu baki, kamuuliza mara moja tu na tazama, mgongo umenyooka, anafikiri, mdogo wangu anafikiri, akisema nyumbani sitalala kwa kusikiliza mlango, akisema kituoni nitalia njia nzima, yote nitayaweza, mradi liwe lake, amelitamka mwenyewe... feni inazunguka, mshauri hana haraka, swali bado liko mezani, na jibu ninalo hapa ulimini, jibu zuri kabisa, nalimeza, linashuka kwa shida kama kidonge kisicho na maji, yeye anavuta pumzi, namsikia, na mimi dada yake namsubiri.