Filta Mbili Nyekundu

Aikaeli alibakiwa na mkanda mmoja wa infraredi, ile filamu ya nyeusi na nyeupe inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, na filta mbili nyekundu, vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi. Aliziweka kwenye ukuta mfupi wa baraza la baba yake, huko juu ya Tengeru, akashindwa kuamua.

Ile nyepesi ungeweza kuona kupitia kwayo, na picha ingepigwa mara moja. Ile nzito ilikaribia kuwa nyeusi. Ndiyo iliyogeuza majani kuwa meupe kama yamepakwa chokaa, lakini ilitaka kamera ikae wazi sekunde nne, na anayepigwa asitikisike.

Baba yake, mzee Sifaeli, alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka, mwaka wa tatu sasa. Kahawa yake ilikuwa karibu kung'olewa kwa kuwa hakuweza tena kuihudumia, naye alitaka picha akiwa katikati ya mibuni.

Aikaeli akachagua nyepesi. Akapiga kadhaa, baba amesimama wima, mkono wa kulia mfukoni. Kisha mzee akauliza ile nyingine ni ya kazi gani. Akamweleza, akamwambia pia kwamba kwa filta hiyo angetoka na ukungu.

"Ifunge," alisema baba.

Aikaeli alisita. Mzee akautoa mkono mfukoni, akashika tawi la kahawa, nalo likaanza kutikisika pamoja naye. Binti yake akafunga filta, akafungua kamera na kuhesabu hadi nne kimoyomoyo.

Wiki iliyofuata alipanda na picha alizozisafisha mwenyewe kwake Daraja Mbili. Alitanguliza zile za filta nyepesi. Zilikuwa safi, hata vifungo vya shati vilihesabika. Mzee akazisifu, akaziweka kando, akaomba ile nyingine.

Mibuni ilikuwa nyeupe tupu. Uso wa baba ulitambulika kwa shida, lakini mkono na tawi vilikuwa moshi mmoja. Aikaeli akaanza kuomba radhi.

"Huyu ndiye mimi," alisema Sifaeli. "Kila ukija nauficha mkono, hadi umeamini nina nafuu."

Ni kweli, alikuwa ameamini. Aliona raha kuamini. Akasogeza kigoda, akamuuliza ni wakati gani hali huwa mbaya zaidi, na baba akaanza kumweleza taratibu, kuanzia kikombe cha chai ya asubuhi.