Kadi Chini ya Kifuniko

Mtu akinisalimu vizuri kupita kiasi, mimi hushika mkoba wangu. Ndivyo nilivyo, na sioni aibu kusema. Mume wangu ananiita Inspekta. Akichelewa dakika kumi namuuliza njia aliyopita na watu aliokutana nao, naye hunijibu huku amenyoosha mikono miwili mbele kama anayesubiri pingu.

Nina chumba cha kutolea kopi. Hakizidi hatua tano kwa nne. Kuna mashine kubwa ya kopi, kompyuta moja, mashine ndogo ya kulamineti vyeti, meza ya kupokelea wateja, na chini ya meza boksi la karatasi zilizoharibika. Boksi hilo ndilo fahari yangu. Kopi ikitoka imepinda au wino umefifia, hapa haitupwi, maana upande wa nyuma bado ni mweupe. Mteja akiacha kazi, navuta karatasi humo, naandika anachotaka na saa ya kurudi, nampa aende nayo. Akija kuchukua kazi yake lazima anirudishie. Bila karatasi sitoi kitu, hata uwe waziri.

Tunafanya kazi wawili, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Mwaka wa saba huu. Yeye ana ufunguo wake na mimi nina wangu. Wifi ni mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache hunitia shaka, kwa sababu sijui anachonyamazia ni nini.

Jumanne asubuhi mwalimu wa shule ya jirani aliniachia mtihani wa kutoa kopi, akawahi kipindi. Nikainua kifuniko cha mashine. Juu ya kioo ilikuwa imelala kadi ya benki, kifudifudi.

Niliigeuza kwa ncha ya kalamu, sikuigusa kwa vidole. Ilikuwa ya kijani kibichi, inang'aa. Namba ndefu, tarehe, halafu herufi mbili na jina la ukoo ambalo lingeweza kuwa la mwanamume au la mwanamke.  Watu hutoa kopi ya kitambulisho, ya cheti, hata ya barua ya mapenzi niliwahi kuona. Kadi ya benki mtu anaitoa kopi ya nini?

Lazima niseme kwamba kwetu vitu vya kuokota haviokotwi, vinarukwa. Kaka yangu mkubwa aliwahi kuokota simu njiani, akaipokea ilipoita, akaeleza mahali alipo ili mwenyewe aifuate. Waliokuja kuifuata walikuja na askari, na kaka akakaa kituoni siku nne akieleza jinsi mtu mwema anavyofanana na mwizi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilipoiona ile kadi niliona askari wamesimama mlangoni.

Wifi alipoingia nilimweka kitako. Jana jioni mimi nilikuwa nimekwenda kununua rimu za karatasi, kwa hiyo aliyebaki na mashine ni yeye. Nilimuuliza nani alikuwa wa mwisho. Akasema hajui, watu walikuwa sita wanasukumana, kila mmoja ananyoosha karatasi yake, mara umeme ukakatika katikati ya kazi, wote wakaondoka wananung'unika, naye akafunga. Nikamuuliza walikuwa wanaume au wanawake. Akasema walikuwa mikono. Yeye huangalia karatasi, haangalii sura.

Jibu hilo halikunipendeza. Hajui, au hataki kujua?

Aliichukua kadi kutoka mezani, kwa vidole vyote vitano, akaigeuza nyuma na kunionyesha namba ya simu ya benki iliyoandikwa kwa maandishi madogo. Akasema nipige, jambo liishe. Nikamwambia nikipiga wataniuliza jina, watauliza nimeipataje, na mwisho wa yote aliyeipata ndiye aliyeiba. Nikamkumbusha habari ya kaka. Basi tubandike tangazo mlangoni, akasema. Nikacheka kwa dharau. Ukibandika jina la mtu mlangoni, matapeli watapanga foleni wote wakiwa na jina hilo.

"Mficha uchi hazai, wifi," akaniambia. "Piga hiyo namba."

Sikupiga. Niliitia kadi kwenye kopo la pini za stepla, nikalifunika, nikaliweka mahali ninapoliona. Kutwa nzima nilimchunga yule mwanamke. Akisogea upande wa kopo, nakohoa. Akienda kunawa mikono, nahesabu muda. Hata wateja niliwahudumia nikiwa nimempa yeye macho na wao mgongo.

Katika hao alikuwepo mwanamume mmoja mwenye shati la mistari na viatu vinavyong'aa, aliyenisalimu mimi, akanisalimia na nyumbani, akaulizia na kazi. Nilishika mkoba. Alikuwa na vyeti vitatu vya kulamineti, lakini plastiki za saizi ile zilikuwa zimeniisha. Nikamwambia aviache, arudi kesho saa tano. Mkono ukaenda kwenye boksi wenyewe, ukachomoa karatasi ya juu kabisa, nikaandika: vyeti vitatu, kesho saa tano. Wakati huohuo wifi alikuwa anapangusa rafu iliyo jirani na kopo, kwa hiyo sikumtazama yule bwana alivyoondoka.

Kopo nililibeba kwenda nalo nyumbani. Mume wangu aliponiona nimelikumbatia aliuliza kama leo Inspekta ameleta ushahidi. Nilipomweleza, akasema kitu kilekile: piga namba iliyo nyuma ya kadi, ndiyo kazi yake. Nikamwambia damu nzito kuliko maji, naona ameshazungumza na dada yake. Akainua mikono, akaenda zake kuoga.

Jumatano, saa tano kamili, mwenye shati la mistari akaingia. Safari hii shati lilikuwa jeupe. Hakuulizia vyeti. Aliegemea meza, akashusha sauti, akasema ana tatizo dogo: anadhani alisahau kadi yake ya benki hapa kwangu.

 Wifi alikuwa kwenye kompyuta, akaacha kuandika.

Nilimuuliza jina lililoandikwa kwenye kadi. Akalitaja, na zile herufi mbili akazitaja. Nilimuuliza namba nne za mwisho. Akazitaja bila kupepesa. Nikamuuliza inaisha lini. Akataja mwezi na mwaka. Nilifungua kopo, nililorudi nalo asubuhi, kwa chini ya meza nikalinganisha. Kila kitu sawa. Mkono wangu ulikuwa karibu kumpa, lakini ile tabia yangu ikanishika kiwiko. Mtu gani anakariri tarehe ya kadi yake? Mimi yangu hata jina la benki lazima nilisome kwanza.

"Ni ya rangi gani?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. Akasema dada, mtu anapoteza kadi anaulizwa rangi?  Akatazama dari, akatazama mashine, akasema kadi za siku hizi zinafanana, lakini yake ni ya kijivu, kijivu hivi.

"Kijivu," nikasema.

"Kijivu cha kuiva," akasema, akijikaza.

Nikamwambia kadi ya kijivu hapa hatuna. Uso ulimbadilika kidogo tu, kisha akatabasamu kwamba labda aliisahau kwingine. Ningemfukuza palepale, lakini hasira yangu ilikuwa imeshageuka njia. Jina, namba, tarehe, vyote anavijua, na kadi yenyewe hajawahi kuiona. Basi amesimuliwa. Na hapa mjini wanaojua kwamba kadi iko kwenye kopo langu ni watatu: mimi, mume wangu, na mtu aliyeishika kwa vidole vyote vitano.

Niligeuka. Sikujali kwamba mgeni anasikia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia wifi. "Umemsomea namba, rangi ukasahau kumwambia. Mlikuwa mgawane vipi?"

 Nilitaka ajibu, nilitaka abishane, nipate pa kushika. Wifi aliinuka polepole, akavua koti la kazi, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya kiti. Halafu akatoa ufunguo kwenye mkoba wake na kuuweka mezani mbele yangu. Aliuweka taratibu, bila kishindo, kana kwamba unaweza kuvunjika.

Yule bwana, kuona moto umewaka nyumba ya pili, akataka kupita pembeni. Akasema basi nimpe vyeti vyake aende, ana haraka. Nikamwambia karatasi yangu iko wapi. Akasema ameisahau. Nikamwambia hapa bila karatasi sitoi kitu, na kama jina la kwenye vyeti si lile alilonitajia, nitalitolea kopi nikawapelekee watu wa benki walisome. Alifikiri kidogo. Akatia mkono mfuko wa nyuma, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua nusu tu na kunisomea kwa mbali: vyeti vitatu, kesho saa tano. Akaanza kuikunja tena.

Niliinyakua mkononi mwake.

Upande mmoja palikuwa na mwandiko wangu, na ile "t" yangu yenye mkia ambayo wateja hunitania. Nikaigeuza. Upande wa pili palikuwa na kopi ya kadi ya benki, imepinda, nusu yake imemezwa na kivuli cha kifuniko, lakini namba zinasomeka zote, na jina, na tarehe. Kopi nyeusi na nyeupe. Ile kadi ya kijani humo ilikuwa ya kijivu. Kijivu cha kuiva.

Sijui yule bwana aliondoka saa ngapi. Vyeti vyake nilimsukumia, nadhani, au alijichukulia. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi ile, nikiona kila kitu kwa mpangilio: kopi imetoka imepinda, umeme umekatika, wifi amekusanya karatasi zilizoharibika akazitia kwenye boksi kama nilivyomfundisha, na kesho yake mimi, nikiwa nachunga mwizi chumbani, nimechomoa ya juu kabisa nikampa mwizi mkononi, naye akabahatisha kwamba palipotoka kopi huenda na kadi imesahauliwa. Na saa ya kurudi nimemwandikia.

Nilichukua simu nikapiga ile namba iliyo nyuma ya kadi.  Sauti ya binti ikapokea, ya upole, na kwa mara ya kwanza upole haukunitisha. Nilimweleza nimeokota kadi, nikamsomea namba. Nikajikaza nisubiri maswali. Akaniomba nisubiri kidogo, nikasikia vidole vikigonga vibonye.

"Kadi hiyo mwenyewe alishaifunga tangu jana asubuhi, mama," akasema. "Haifanyi kazi tena. Ikate vipande tu, uitupe. Asante kwa kutujulisha."

Hakuniuliza jina.

Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa na koti la wifi. Siku mbili nilikuwa nimelinda kipande cha plastiki. Hakuna aliyekuwa anaweza kuiba chochote kwacho, si yule bwana, si mimi, si mtu yeyote. Kilichoharibika katika siku hizo mbili kilikuwa kimesimama mlangoni na mkoba begani, kinaniangalia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini siku akiliona, hapana pa kukalia.

Nilimwonyesha wifi karatasi, pande zote mbili. Nikamwambia anisamehe, ni mimi. Aliisoma kwa makini, kama anavyosoma kila karatasi inayopita mkononi mwake, kisha akanirudishia.

"Yule hakuijua rangi kwa sababu aliona kopi tu," akasema. "Wewe wifi, miaka saba tunakaa chumba kimoja. Wewe umekuwa ukiona nini?"

Akatoka. Ilikuwa saa tano na nusu.

Mwalimu alikuja kuchukua mtihani wake, nikamhudumia. Wengine wakaja, nikawahudumia. Ufunguo wa wifi ulibaki mezani palepale alipouweka, na wateja walipotaka kuweka karatasi zao juu yake niliwaomba wasogeze. Sikuugusa. Kadi niliikata kwa mkasi vipande kumi na viwili.

Saa nane, saa yake ya kurudi kutoka mapumziko, mlango ulifunguka. Wifi alivaa koti lake, akachukua ufunguo akautia kwenye mkoba, akainama na kulivuta boksi langu kutoka chini ya meza. Akaketi sakafuni, akatoa karatasi ya kwanza, akatazama pande zote mbili, akaichana. Akatoa ya pili.

Nilitaka kumuuliza alikuwa wapi muda wote huo, amezungumza na nani, kaka yake ameshajua au bado, na kama amerudi kwa ajili yangu au kwa ajili ya kazi tu. Maswali yote yalikuwa mdomoni. Nikashuka kitini, nikaketi upande wa pili wa boksi, nikaanza kuchana naye, na sikuuliza hata moja.