Chumvi ya Damu

Tangu waruhusu hospitali za watu binafsi, Sumbawanga tulikuwa na Daktari Eustaki, na Daktari Eustaki alikuwa na tabia ya kusema jambo nusu kisha kuangalia saa. Moyo wa baba yangu, mzee Bundala, ulikuwa umechoka kwa miaka. Miguu ilimvimba, na alilala ameketi ili apate pumzi. Alikunywa dawa, akakatazwa chumvi. Kila siku alinung'unika kwamba analishwa kama mfungwa.

Ndipo damu yake ikapelekwa Mbeya kwa basi. Majibu yaliporudi, daktari alimwambia mama, "Chumvi kwenye damu imeshuka. Kwa mgonjwa wa moyo hiyo si dalili nzuri. Mrudisheni baada ya wiki mbili." Akaita mgonjwa mwingine.

Sisi ni Wasukuma, tulihamia Muze, kijiji cha huku Sumbawanga, na ng'ombe wetu. Kwetu ng'ombe akilegea na kuanza kulamba udongo, anapewa chumvi, na mama ameinua wengi kwa mkono wake mwenyewe. Angemnyimaje mumewe? Alikoleza mchuzi, akakoleza na uji. Baba alikula hadi akakwangua sahani, akamtania kwamba sasa ndiyo amekumbuka kupika. Nyumba nzima tulifurahi.

Tulipomrudisha hospitali hakuweza kumaliza sentensi, na tumbo lilikuwa limejaa maji. Majibu ya pili yalionyesha chumvi imeshuka zaidi. Daktari alinivuta nje.

"Rahel, mmekuwa mkimpa nini?"

Nilimweleza. Akashika kichwa.

"Chumvi haikupungua mwilini. Maji ndiyo yamezidi. Ukiongeza maji kwenye mchuzi chumvi haisikiki, lakini si imo mlemle? Na hiyo mliyompa imezuia maji zaidi."

Maneno mepesi hivyo. Yangemgharimu nini kuyasema mara ya kwanza, mbele ya mama? Nilimchukia, na hadi leo namchukia.

Baba alifariki jioni ile ile.

Msibani mama alinivuta nikae naye mkekani.

"Mwanangu, daktari alikuambia nini kule nje?"

"Alisema ugonjwa ulishakuwa mkubwa, Mama."

"Basi nilimpa chumvi kidogo mno. Niliogopa kumzidishia."

Akalia kwa kosa hilo la kumpunja mumewe, akiwaomba wanawake wenzake wamsamehe. Nami nikamwacha alie hivyo hivyo, maana kulijua kosa la kweli kungemuua.